Usipake Nta Pale Mtu Anaposimama

Nyemo mwanangu,

Hali yako siiulizi. Mchana huu nimekuona ukimaliza makande ya watu watatu na kulamba mwiko, kwa hiyo najua u mzima. Sasa hivi umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na ninavyowajua, mtaimba mpaka mlinzi wa kanisa awazimie taa. Mimi nimekaa kwenye kitanda chako na daftari lako la zamani la hesabu. Nimechana zile kurasa za nyuma ambazo hukuziandika, na ndizo naziandikia. Nikimaliza nitaiweka barua juu ya nguo ulizozikunja kwa ajili ya kesho. Uisome leo kabla ya kulala, usije ukaitia kwenye begi ukaisomee Singida.

Mambo ya kula, ya kulala mapema, ya kutompa mtu usiyemjua begi akushikie, sitayaandika. Umeyasikia tangu siku ulipofaulu usaili, na umeshaanza kunijibu ile "sawa mama" yako ya kunifukuza. Nataka kukuandikia habari za nta.

Usicheke. Najua fundi ni wewe. Chuo kimekupa cheti cha kupiga rangi, na huko Mwanza karakana ya boti za faiba imekuambia utaanzia kazi ya mwisho, kusugua na kupaka nta, ile mnayoiita waksi. Mama yako ni mfagiaji wa ofisi. Lakini nta nimeishika kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu, na makosa yake nimeyafanya karibu yote. Moja katika hayo sijawahi kukuambia. Nimelikalia miaka kumi na mitatu na sasa limenichosha.

Nianze mbali kidogo, nivumilie.

Boti yetu ya Mtera huijui vizuri. Ulikuwa darasa la tatu, unakaa kwa bibi yako Mpwapwa kwa ajili ya shule. Mimi nilikuwa nimepanga chumba mjini Dodoma, nafagia ofisi, na baba yako alikuwa bwawani akivua pamoja na baba yako mdogo Sefu. Siku zote walivulia mitumbwi ya mbao ya watu wengine. Hii ya faiba ndiyo ilikuwa ya kwanza kuwa yao. Ilikuwa imetumika sana mikononi mwa mwenyewe wa kwanza. Ilizaliwa ya bluu, lakini ilipotufikia ilikuwa na rangi ya majivu, na ukipitisha kidole ubavuni kinatoka na unga mweupe, kama umefuta ubao wa darasani. Wewe unajua ni nini hicho. Sisi tulidhani ni uchafu tu.

Nilipokwenda likizo nikaiona, roho ikaniuma. Mimi, Nyemo, ni mtu wa kung'arisha. Hiki ndicho kilema changu na ndicho kilichonilisha. Ofisi niliyokuwa nafagia wakati ule ilikuwa na sakafu ya zamani ya saruji laini, nyekundu, na nilikuwa naipiga nta kila Ijumaa mpaka wakubwa wakipita wanaona soli za viatu vyao. Wageni walikuwa wanauliza, "Nani anafanya usafi hapa?" Wanatajiwa jina langu. Mtu asiyekuwa na cheti, jina lake likitajwa hata kwa sakafu, linamtosha. Basi nikamwambia baba yako, boti hii niachie mimi. Akasema, "Samaki hawaangalii rangi, Mama Nyemo." Nikamjibu, samaki hawaangalii, watu wanaangalia.

Nilianza na nta ya nyuki. Mjomba wako Yona wa Manyoni alikuwa ameniletea bonge zima kutoka kwenye mizinga yake, nikaona hapana haja ya kununua kitu. Nikaiyeyusha, nikaichanganya na mafuta ya alizeti ili ilainike, nikaipaka boti nzima kwa kitambaa. Asubuhi ile ilipendeza, sikudanganyi. Jua lilipopanda ikaanza kulainika. Unalijua vumbi letu la kiangazi. Kufika saa nane boti ilikuwa imeshika vumbi, nzi, majani makavu na manyoya ya kuku wa jirani. Sefu aliizunguka mara mbili, mikono nyuma, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Shemeji, hii umeipaka au umeikaanga?" Kwa wavuvi wote pale mwaloni, jina la boti likawa Chapati.

Nilichukua siku mbili kuitoa. Kwa hiyo nta ya nyuki iheshimu, lakini iache kwenye kazi yake. Ni nzuri kwa ubao unaokaa kivulini, na ni nzuri kwa uzi. Baba yako mpaka leo anapitisha uzi wake wa nyavu kwenye kibonge cha Yona kabla ya kusuka. Faiba inayolala juani mchana kutwa haiwezi.

Mara ya pili nikaenda kwa vijana wa gereji hapa mjini, wakaniuzia dawa ya magari, ile ya kopo la kupuliza. Hiyo nayo iling'aa upesi sana, unapuliza, unafuta, umemaliza. Maji yakimwagika yanasimama punje punje na kukimbia. Nikarudi Mtera kifua mbele. Wiki hiyohiyo baba yako akataka kuandika upya namba ya boti ubavuni. Rangi ikakataa. Kila akipiga brashi inajikusanya na kukimbia, inaacha vitundu kama macho ya dagaa. Akafuta, akaandika tena, ikakimbia tena. Mara ya tatu akaweka brashi chini akaniangalia, na mimi nikakumbuka ghafla kwamba nina maharage jikoni. Wewe umefundishwa darasani kwa nini inakuwa hivyo. Mimi nilifundishwa na aibu. Ndiyo maana nakuambia, kabla hujachagua cha kupaka, uliza kwanza kama chombo kitapigwa rangi tena karibuni, maana dawa nyingine zinaingia na hazitoki.

Sasa mara ya tatu. Hapa sitacheka tena.

Nilirudi na makopo mawili ya nta ya sakafu, ileile ya ofisini kwetu, niliyoijua kuliko mtu yeyote. Safari hii nilifanya kazi kwa adabu. Niliosha boti kwa maji safi na sabuni ya kipande, nikaiacha ikauke kivulini, chini ya turubai. Nikasugua ule unga wote kwa kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, na fulana kuukuu, kipande kwa kipande, mpaka bluu ya zamani ikatokea. Siku mbili, mabega yakafa ganzi. Kisha nikapaka nta ya kwanza nyembamba, nikaacha ikauke, nikafuta, nikarudia. Mwanangu, ile boti iling'aa. Watu waliacha kutengeneza nyavu zao wakaja kuangalia. Mzee mmoja akasogeza uso karibu na ubavu akachana nywele. Wanawake wauza samaki wakawa wananisalimia kwa Kigogo, mbukwa, mbukwa, kwa heshima kama mke wa mchungaji, na jina la Chapati likafa siku ile.

Sifa zilinilevya. Nimelitafuta neno jingine na sikulipata. Nikatazama ndani ya boti, nikaona kumefifia na nje kunawaka, nikasema siwezi kuacha kazi nusu. Baba yako alikuwa ameketi mchangani anashona wavu. Akaona ninavyoangalia. Akasema, "Ndani acha. Miguu inataka kushika." Akalisema mara moja tu, unamjua, hana tabia ya kurudia.

Alasiri, alipokwenda na Sefu kuchukua mafuta ya injini, nikapaka ndani. Nikapaka benchi, nikapaka mbavu za ndani, nikapaka na sakafu ya mbele kabisa, pale anaposimama mtu anayevuta nyavu. Nikafuta mpaka nikajiona. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu ilikwenda vingine. Asiyesikia alikuwa mimi, na guu lililovunjika lilikuwa la kwake.

Walitoka jioni. Usiku mzima hapakuwa na shida. Kulipokuwa kunapambazuka wakaanza kuvuta, wavu ukaja mzito, umejaa perege, maji na utelezi wa samaki ukamwagika chini. Nta ikilowa hivyo inateleza kama mlenda. Sefu alinieleza baadaye. Baba yako alivuta kwa nguvu, miguu yote miwili ikamtoka kwa pamoja, akaanguka mguu wa kulia ukiwa umenasa chini ya benchi. Sefu anasema alisikia mlio kabla hajasikia sauti ya mtu. Goti liligeuka lilikogeukia. Hospitali walifanya waliloweza, na unaona mwenyewe jinsi anavyotembea. Hakusimama tena kwenye boti. Tukaiuza, tukaja kukaa huku Msalato, wewe ukatoka kwa bibi, na yeye akaanza kusuka nyavu za wavuvi wa Hombolo na nyavu za magoli ya shule.

Umeniambia mara nyingi kwamba unaijua hadithi hii. Ile unayoijua inasema alikuwa amelewa.

Nyemo, baba yako hajawahi kuonja pombe. Si siku ile, si kabla ya siku ile, si baada yake. Hata ile ya harusi ya mjomba wako alishika kikombe akanipa mimi.

Nikueleze ilivyokuwa, maana wewe ni mtu wa mjini, unaweza kudhani ni mambo madogo. Mwaka uleule, pale pale mwaloni, kulikuwa na mama mmoja muuza chai. Alionekana asubuhi akimwaga majani ya chai karibu na mtumbwi wa mtu. Mtumbwi ule ukarudi siku tatu bila samaki. Wakasema ameumwagia dawa. Kibanda chake kilichomwa, akaondoka na watoto wake na sufuria moja. Hakuna aliyemtetea. Mimi nililiona jivu la kile kibanda kwa macho yangu. Sasa fikiria mwanamke anayetoka mjini, anakaa siku mbili anasugua boti kwa kitu ambacho watu hawakijui, anatabasamu peke yake, na kesho yake mumewe anarudi amebebwa. Kabla gari la kumpeleka hospitali halijafika nilishasikia nyuma yangu, "Alikuwa anaipaka nini ile?" Na mwingine, "Amemfunga ili akae nyumbani."

Baba yako alikuwa amelazwa juu ya turubai, uso umekuwa wa kijivu kwa maumivu. Na yeye alisikia. Akainua kichwa, akasema kwa sauti ambayo watu wote walisikia, "Nilikuwa nimekunywa. Sefu alinikataza." Kisha akalala tena.

Mlevi haogopwi na mtu. Watu wakacheka kidogo, wakatikisa vichwa, wakatawanyika. Sefu alimwangalia, akaniangalia mimi, akaokota kandambili zake akaenda kutafuta gari.

Niliporudi mwaloni siku ya tatu, nilikuja na nia ya kuikwangua ile nta kabla mtu hajaishika. Nikaingia ndani ya boti nikainama. Sakafu ilikuwa imekwanguliwa tayari, kwa mchanga na mafuta ya taa, mpaka faiba imeota mikwaruzo. Kazi ya mtu mwenye haraka. Sefu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya jirani. Akasema, "Kaka alinituma," akageukia upande wa maji. Hapo ndipo nilipojua kwamba baba yako anajua. Nikakaa kwenye benchi nililolipaka mwenyewe nikalia mpaka pua ikaziba, kisha nikanawa uso, nikaenda hospitali kumpelekea uji. Nikampa uji. Hatukusema kitu miaka kumi na mitatu.

Alikuwa mzee wa kanisa, hilo unalijua. Habari zilifika kanisani kabla yake. Wakamvua uzee, wakamsimamisha asishiriki meza ya Bwana, na alipoweza kutembea na mkongojo wakamtaka atubu mbele ya ushirika. Jumapili ile ulikuwepo. Ulikuwa umekuja likizo, umevaa gauni la njano, umekaa kando yangu. Alisimama mbele akatubu dhambi ya pombe ambayo hakuitenda. Ukanivuta kitenge ukaniuliza, "Baba amefanya nini?" Nikakuambia, "Nyamaza, tunasali."

Katika maisha yangu yote, mwanangu, hilo ndilo ninalolijutia kuliko nta. Nta niliipaka kwa ujinga. Lile neno nililisema nikiwa na akili zangu zote.

Nilijiambia nitakuambia ukikua. Ukakua. Shuleni wakakuita mtoto wa mlevi, ukarudi unalia, nikakupangusa machozi nikakupikia wali. Ulipokuwa kidato cha pili ulimwambia usoni, "Ungeacha pombe tungekuwa na boti yetu." Akakujibu, "Kweli." Nilikuwa mlangoni na ungo wa mchele mkononi. Ningeweza kusema wakati ule. Nikaendelea kupepeta. Tangu siku ile unamsalimia shikamoo ukiangalia ukuta, naye anaitikia marahaba akiangalia uzi wake, na mimi napita katikati yenu na chai kama sioni. Ukweli ni kwamba ilinifaa. Ulinipenda mimi kwa ajili yetu wawili, na mimi nikala pendo lote, na fungu la baba yako ndani yake.

Alhamisi iliyopita ulikuwa chumbani humu unaongea na rafiki yako kwenye simu, unacheka. Ukasema, "Mimi baba yangu alikuwa na boti, akainywa." Ulisema vizuri, hata mimi ningecheka kama ingekuwa ya watu wengine. Hukujua kwamba alikuwa amekaa nje chini ya dirisha, anasuka wavu wa goli. Nilikuwa nimekaa naye, nachambua mchicha. Sindano yake ya kusukia ilisimama. Ikakaa kidogo. Kisha ikaendelea.

Nikamwambia, "Baba Nyemo, ile nta ndani ya boti niliipaka mimi."

Akasema, "Najua. Niliinusa."

Nikamuuliza, uliinusa lini? Nilidhani atasema wakati ameanguka, pua iko chini. Akasema, "Jioni ile, kabla hatujaondoka. Nilipoweka mguu tu."

Nikamuuliza kwa nini basi aliingia, kwa nini hakuniita, kwa nini hakumwaga hata mchanga. Akavuta uzi, akafunga fundo, akalikaza kwa meno. Akasema, "Watu walikuwa bado wamesimama wanakusifia. Nikasema nitakanyaga polepole."

Haya ndiyo yote aliyosema. Nimeyabeba tangu Alhamisi, nafagia nayo kule ofisini Mtumba, napanda nayo gari, narudi nayo. Nilimwambia nitakuandikia. Kwanza akakataa, akasema, "Mwache, mtoto anasafiri." Nikamwambia safari hii mimi sitaacha. Akafikiri mpaka akamaliza mstari mzima wa wavu. Halafu akasema, "Basi ukimwandikia, mwandikie na hiyo kazi yake ya nta. Mwambie sakafu asiipake." Nimekuandikia kama alivyonituma.

Sasa na mimi niongeze yangu machache, kwa sababu tangu siku ile nimewauliza watu wengi, wauza duka, mafundi wa rangi, hata wewe mwenyewe ulipokuwa chuo, ukidhani nakupima. Mwenye boti atakuja anataka ing'ae. Kila mwenye boti anataka hivyo, na kuna nta ngumu ya mmea ambayo itampa mng'ao wa kumliza, lakini jua kali linaila mapema. Kuna nyingine za kiwandani, hazipendezi sana macho, zinakaa muda mrefu zaidi. Kama boti inalala nje mchana kutwa, mpe inayokaa, hata akinuna. Usipake juani. Usipake nene, nene haiongezi kitu ila kazi ya kufuta. Kama rangi inatoa unga, usiifunike kwa nta, sugua unga kwanza utoke, la sivyo umefungia ugonjwa ndani. Akirudi baada ya wiki mbili analalamika nta imeisha, usibishane naye, muulize anaoshea nini. Utakuta ni sabuni ya unga. Na mbele pale, kwenye benchi, kwenye ukingo wa kupandia, kila mahali ambapo mguu au mkono wa mtu utatafuta pa kushika, acha mikwaruzo ilivyo. Bosi akikuambia upake kote ili picha itoke vizuri, kataa. Mwambie, "Mama yangu alishaijaribu."

Utakuta chini ya begi lako furushi la vitambaa vyeupe, vimekatwa vizuri na kupindwa pembeni ili visitoe nyuzi. Ni vya kufutia nta, pamba kuukuu ndiyo haikwaruzi. Baba yako amevikata mwenyewe jana ulipokwenda sokoni. Ni lile shati lake jeupe alilokuwa akilivaa alipokuwa anahudumu meza ya Bwana. Nilimwambia mbona unalikata, akasema pamba yake imelainika, itafaa.

Mimi sikuombi unisamehe kwa barua. Ukinikasirikia, nikasirikie, nitakaa nayo, hasira yako itakuwa imenifikia mwenyewe badala ya kumpiga yeye. Ukifika Mwanza ukakaa mwezi hujanipigia simu, nitajua ni halali yangu. Nakupenda, na nilikuibia baba. Yote mawili ni kweli na nimeyafanya kwa mikono hii hii.

Ninalokuomba ni la kesho tu. Bajaji itasubiri barabarani, haiwezi kuingia huku kwetu kwa sababu ya makorongo. Kutoka hapa mlangoni mpaka lami wewe unatumia dakika kumi, begi kichwani, hugeuki nyuma. Baba yako atataka kukusindikiza. Amekwisha kuweka mkongojo wake karibu na mlango na ameniuliza mara mbili kama viatu vyake vina vumbi. Kwa goti lile ni nusu saa nzima, na kwa desturi yako utamwambia, "Baba baki tu, utachoka," na kwa desturi yake atabaki.

Nimekutegea saa kwenye simu yako uliyoiacha hapa, itakuamsha mapema kuliko ulivyopanga. Mpe begi dogo abebe yeye. Shikamoo yako ya kesho mpe ukimwangalia machoni. Kisha tembea kwa mwendo wake, mwanangu, mpaka lami, polepole.

Mama yako.